Kipandauso: mazoezi ya siku ambazo kichwa hakiumi

Tiba za kipandauso zisizo za dawa huharibiwa na kosa moja: watu huzijaribu siku kichwa kinapogonga. Mtu anajifungia chumbani, anavuta pumzi kama alivyoelekezwa, dakika kumi zinapita, kichwa bado kinapwita, anatapika, na tangu siku hiyo anawaambia wenzake kwamba mambo hayo ni porojo. Hakuna anayejifunza kuogelea siku jahazi limepinduka. Mazoezi haya hufanywa siku kichwa kimetulia, tena kila siku, mpaka mwili uyazoee, na kazi yake ni kupunguza idadi ya mashambulio yajayo. Shambulio likishapamba moto, meza dawa uliyoandikiwa, mapema, ukalale gizani na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa shingoni kwa dakika 15 hadi 20. Siku hiyo si ya mazoezi.

Kwanza tuwe na hakika kwamba tunazungumzia ugonjwa mmoja. Kipandauso kisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72. Mara nyingi hushika upande mmoja, hupwita, huzidi ukipanda ngazi, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Kichwa cha mkazo ni kingine: hubana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, na mwenye nacho aghalabu anaendelea na kazi. Mazoezi nitakayoyaeleza yanafaa kwa vyote viwili. Lakini kichwa kilicholipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, chenye homa na shingo ngumu, chenye ganzi ya upande mmoja au kuchanganyikiwa, kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 au baada ya kuumia kichwani, au kichwa kipya kwa mjamzito au mtu anayeishi na VVU, ni cha kukimbilia hospitali. Na homa ambayo haijapimwa malaria isiitwe kipandauso.

Tiba zenye ushahidi wa kutosha si nyingi. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2000 na muungano wa vyama vya madaktari wanaoshughulikia maumivu ya kichwa uliweka katika daraja la juu kabisa mafunzo ya kulegeza mwili, bayofidibaki (yaani kufunzwa kuuongoza mwili huku kifaa kikikuonyesha unachokifanya), na tiba ya mawazo na tabia. Katika majaribio yaliyokusanywa, kipandauso kilipungua kwa wastani wa kati ya asilimia 32 na 49, ilhali kwa wasiopewa tiba kilipungua kwa asilimia 5. Kwangu hizo ni takwimu za kuheshimika. Dawa nyingi za kinga zinazomezwa kila siku zinacheza humo humo.

Nianze na zoezi la mkono, ambalo ni aina ya bayofidibaki, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika taasisi ya Menninger mjini Topeka, Kansas, Elmer Green na wenzake waligundua kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kipandauso alipata joto mikononi wakati ule ule maumivu yalipokatika. Wakaanza kuwafundisha wagonjwa kupasha mikono yao joto kwa makusudi. Maelezo ya zamani kwamba damu "inashushwa" kutoka kichwani kwenda mikononi hayakubaliki tena. Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo ya damu ya vidoleni hubanwa na mishipa ile ile ya fahamu inayouweka mwili katika hali ya tahadhari. Tahadhari ikishuka, mishipa hufunguka, kidole kinapata moto. Kwa hiyo kidole ni dirisha tu. Unachofundishwa ni kushusha tahadhari.

Unahitaji kipimajoto cha kawaida cha chumba chenye ncha ndogo, au cha jikoni chenye sindano. Cha kupimia homa hakifai: vingi havisomi chini ya nyuzi 32, na hubaki kwenye kiwango cha juu kilichofikiwa, kwa hiyo hutaona joto likishuka. Bandika ncha yake kwenye nyama ya ndani ya kidole cha kati kwa plasta nyepesi, bila kuizungushia kidole kizima. Ukikaza, damu inazuiliwa na kipimo kinadanganya. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, mikono juu ya mapaja, viganja vikitazama juu, mbali na feni. Subiri dakika 5 hadi namba itulie, iandike. Kisha kwa dakika 15 rudia kimoyomoyo, polepole, maneno kama "mkono wangu wa kulia ni mzito, mkono wangu wa kulia una moto", huku pumzi ikiingia kwa sekunde 4 na kutoka kwa sekunde 6. Andika namba ya mwisho. Lengo ni kufika nyuzi 35 na kukaa hapo dakika kadhaa.

Hapa ndipo watu wanapokwama: wanalazimisha. Ukikunja uso na kuikodolea macho namba ipande, kidole kinapoa mbele yako, nusu nyuzi, nyuzi nzima, kwa sababu kujitahidi nako ni tahadhari. Wiki ya kwanza karibu kila mtu hushuka badala ya kupanda. Usiikatie tamaa, kushuka huko ni somo lenyewe, maana umeona kwa macho mwili unavyojibu ukiukamia. Joto huanza kupanda siku unapoacha kulisaka.

Tatizo jingine ni la kwetu hasa. Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, kidole kinaweza kuwa na nyuzi 34 au 35 kabla hujaanza, na kipimo hakikuambii lolote. Fanya zoezi alfajiri au usiku kumepoa. Ikishindikana, achana na kipimajoto, baki na pumzi na misuli. Anayeishi Njombe, Lushoto au Limuru hana shida hiyo, ila asianze na mikono iliyotoka kwenye maji baridi.

Zoezi la misuli lina asili yake kwa Edmund Jacobson, daktari wa Chicago. Wazo ni kwamba mtu aliyezoea kukaza bega hajui tena kwamba amelikaza, hivyo anatakiwa kulikaza zaidi kwa makusudi, aliachie, ausikie utofauti. Utaratibu wa siku hizi una makundi 16 ya misuli: kiganja na mkono wa chini, mkono wa juu, upande mmoja kisha wa pili, paji la uso, macho na pua, taya, shingo, kifua na mabega, tumbo, kisha paja, muundi na wayo, kulia na kushoto. Kaza kundi moja kwa sekunde 5 hadi 7, achia mara moja kama mtu aliyekata kamba, kaa kimya sekunde 30 ukisikiliza, rudia, nenda kundi linalofuata. Jumla ni dakika 20 hadi 30. Wiki mbili za kwanza fanya mara mbili kwa siku. Baadaye makundi yanaunganishwa kuwa 7, kisha 4, na mwisho unalegeza bila kukaza kwanza, kwa kukumbuka tu.

Mwenye kipandauso asikaze paji la uso wala shingo kwa nguvu zote. Nusu ya nguvu inatosha. Zaidi ya hapo unaweza kujiletea maumivu uliyokuja kuyazuia. Wayo ukaze kwa sekunde 3 tu, vinginevyo utashikwa na mkakamao. Usibane pumzi unapokaza. Na usifanye zoezi kitandani usiku peke yake: utasinzia kwenye kundi la tano, utalala vizuri, lakini hutakuwa umejifunza. Ukishafika hatua ya kukumbuka, lifungamanishe na jambo linalojirudia mchana: kila simu inapolia, kila daladala linaposimama kituoni, kila baada ya swala. Shusha mabega, achanisha meno, toa pumzi ndefu moja. Sekunde 20. Hapa ndipo faida ya kweli inapopatikana, kuliko kwenye zile dakika 30 za asubuhi.

Usingizi nao una kanuni zake, na ni kali kuliko "lala vya kutosha". Mwaka 2007 Anne Calhoun na Sutapa Ford walichapisha jaribio kwa wanawake 43 wenye kipandauso sugu. Maelekezo yalikuwa matano: panga muda wa kulala unaokupa saa 8 kitandani, muda ule ule kila siku, usitazame televisheni, usisome wala kusikiliza muziki ukiwa kitandani, tumia taswira akilini ili kuuwahi usingizi, kula chakula cha jioni angalau saa 4 kabla ya kulala na punguza vinywaji katika saa 2 za mwisho, acha kulala mchana. Katika kundi lililopewa kanuni hizo baadhi walitoka kwenye kipandauso sugu na kurudi kwenye kile cha hapa na pale. Katika kundi lililopewa maelekezo mengine yasiyohusu usingizi, hakuna aliyetoka katika awamu ya kwanza.

Kanuni ya chakula ndiyo inayogongana na nyumba zetu, ambako wali unapakuliwa saa tatu usiku na saa nne watu wamelala. Anayelala saa nne na nusu usiku na kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi anatakiwa awe amekula saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa wengi haiwezekani. Ninachoshauri ni kuhamishia mlo mzito mchana, jioni iwe uji au kitu chepesi, na kanuni nyingine nne zishikwe bila kulegezwa. Jumapili pia uamke saa ile ile. Kipandauso cha mwisho wa wiki kina sababu zaidi ya moja: usingizi umerefuka, chai imechelewa, na mkazo wa wiki umeporomoka ghafla. Kushuka kwa mkazo ni kichochezi kinachojulikana, na ndiyo maana mtu huumwa siku ya kwanza ya likizo.

Kafeini: anayetumia zaidi ya miligramu 200 kwa siku, sawa na vikombe viwili hivi vya kahawa ya kuchemsha, akiacha ghafla anaweza kuumwa kichwa ndani ya saa 24. Hili huwapata wengi siku za mwanzo za Ramadhani, likichanganyika na njaa, upungufu wa maji na usingizi uliokatwa na daku. Anza kupunguza wiki tatu kabla, robo ya kiasi chako kila wiki. Daku isirukwe, na iwe na kitu kinachokaa tumboni: maharage, mayai, viazi. Mwenye mashambulio mazito azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu vichochezi, tahadhari na hitimisho la haraka. Saa kadhaa kabla ya maumivu, ubongo wa mwenye kipandauso huwa umeshaanza: miayo, shingo kukaza, kukojoa mara kwa mara, hamu ya vitu vitamu, mwanga kuanza kukera. Mtu anakula chokoleti kwa hamu hiyo, kichwa kinakuja, chokoleti inahukumiwa. Huenda haina hatia. Na kukimbia kila kichochezi kuna gharama yake: anayevaa miwani ya giza ndani ya nyumba kila siku huyafanya macho yake yaogope mwanga zaidi. Miwani ivuliwe taratibu, dakika 10 leo, 15 kesho.

Kuna kizuizi kimoja kinachoyashinda mazoezi yote haya, nacho ni vidonge vya maumivu vinavyomezwa kupita kiasi. Paracetamol au ibuprofen peke yake kwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini au kodeini, na kwa dawa za kundi la triptani (za kukata shambulio la kipandauso), kwa zaidi ya miezi mitatu, huzaa maumivu ya kichwa ya dawa yenyewe. Hesabu siku, si idadi ya vidonge. Anayevuka mipaka hiyo apange na daktari namna ya kuacha. Siku za mwanzo kichwa huzidi kabla ya kupoa, na ni vizuri ajue mapema asije akadhani anakufa.

Mazoezi ya viungo sitayasemea sana kwa kuwa ni rahisi kueleweka. Katika jaribio la Gothenburg, Sweden, lililochapishwa 2011, kuendesha baiskeli dakika 40 mara tatu kwa wiki kulipunguza mashambulio sawa na mazoezi ya kulegeza mwili, na sawa na topiramate, mojawapo ya dawa za kinga. Dakika 15 kati ya hizo 40 ni za kupasha mwili. Anayeruka hatua hiyo, au anayekimbia juani bila kula, hupata shambulio na kuyalaumu mazoezi.

Tiba ya mawazo na tabia inahitaji mtaalamu, lakini jambo moja unaweza kuanza nalo mwenyewe. Siku kichwa kikipoa, wengi hufua nguo za wiki mbili, hupika, hulipa madeni yote ya kazi, kesho yake wanaanguka tena. Gawa kazi kwa saa, si kwa unavyojisikia: dakika 40 kazi, 10 pumziko, hata kama unajiona mzima. Hasa kama unajiona mzima.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari lenye safu tano, si zaidi: tarehe, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, dawa uliyomeza, saa ulizolala, na kama umefanya zoezi. Mwanamke aongeze siku za hedhi. Anza wiki nne kabla ya mazoezi ili uwe na cha kulinganishia. Wiki ya 12 hesabu siku za maumivu za mwezi wa mwisho, uzilinganishe na za mwezi wa kwanza. Zikiwa hazijapungua vya kutosha, lipeleke daftari hilo kwa daktari mzungumzie dawa ya kinga, wala usiyaache mazoezi. Katika jaribio la Kenneth Holroyd la mwaka 2010 kwa watu wazima 232 wenye mashambulio ya mara kwa mara, waliopata nafuu ya wazi zaidi ni wale waliopewa dawa ya kinga na mafunzo haya kwa pamoja.