Je, wajua kwa nini mbunifu wa mitindo anauza mpaka jina lake?

Wengi walivyosikia mbunifu wa Marekani Tom Ford kauza kampuni kwa dola bilioni 2.8 walijua kauza suti. Wapi! Mnunuzi, Estée Lauder ya Marekani, ni watu wa vipodozi na manukato, suti hawashoni na wala hawakuwa na mpango wa kushona. Dili ilitangazwa Novemba 2022 na ukiiangalia vizuri ni kama ng'ombe kachinjwa kila mtu kabeba kipande chake: Estée Lauder wakabaki na jina na manukato, nguo wakapewa Zegna wa Italia kwa leseni (ruhusa ya kutumia jina) ya miaka mingi, miwani wakachukua Marcolin, Waitaliano pia, na hao wakatoa dola milioni 250. Tena hayo manukato Estée Lauder ndo walikuwa wanayatengeneza miaka yote kwa leseni, yaani walikuwa wapangaji, wakaona bora wanunue nyumba kabla mwenye nyumba hajamuuzia mtu mwingine.

Sasa kwa nini mwenyewe anauza? Hesabu tu. Nguo za kifahari zinakula hela kabla hazijaleta hela. Unanunua kitambaa leo, unashona sampuli, unalipa mamodo, ukumbi, taa, wapiga picha, wenye maduka wakipenda wanaagiza, unashona mzigo, unapeleka, unasubiri walipe, na kabla hawajalipa tayari unatakiwa ununue kitambaa cha msimu unaofuata. Biashara ikikua ndo shimo linakua nalo, hapo bado hujafungua duka lako Paris au Tokyo ambako kodi peke yake inaweza kukutoa jasho. Kundi la bidhaa za kifahari kama LVMH la Ufaransa lenye brandi kama 75 hivi haliogopi hilo, msimu huu mmoja akiyumba wengine wanambeba.

Faida nono iko kwenye vitu vidogo, chupa ya manukato, miwani, mkoba, maana anayeweza kununua gauni la mamilioni ni mmoja ila wa kununua chupa ni maelfu, na kinachouza ile chupa ni jina lililoandikwa juu yake. Mbunifu wa Ufaransa Coco Chanel alilijua hili kwa uchungu. Mwaka 1924 aliingia ubia wa manukato na Pierre Wertheimer, yeye akachukua asilimia 10 tu, afu manukato yake ya No. 5 yakaja kuwa chupa maarufu kuliko zote duniani na bibi akapigana na huyo mbia wake miaka na miaka. Mpaka leo Chanel ni ya ukoo wa Wertheimer.

Ila kisa kinachoniuma mimi ni cha Jil Sander, mama wa Kijerumani aliyeanza na duka Hamburg mwaka 1968. Nguo zake hazina makeke, hakuna maua wala vifungo vya kung'aa, kila kitu kiko kwenye kitambaa na mkato, kwa hiyo kitambaa lazima kiwe cha juu kabisa la sivyo hamna kitu. Mwaka 1999 Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, wakanunua asilimia 75 ya hisa zenye kura. Bosi wa Prada wakati huo, Patrizio Bertelli, naye ni mtu wa hesabu, anataka gharama zishuke, na vitambaa ndo gharama yenyewe, wakagombana, na Januari 2000, hata nusu mwaka haijaisha, mama kaondoka. Kampuni yenye jina lake ikabaki inashona bila yeye. Akarudi 2003, akaondoka tena 2004. Prada wakaiuza 2006, ikapita mikono mpaka ikafika kwa Wajapani, yeye akarudi mara ya tatu 2012 na mwaka uliofuata akaaga tena. Sahivi iko kwa kundi la mitindo la OTB la Italia tangu 2021.

Wanunuzi nao msidhani wanapatia kila siku, Versace ilinunuliwa 2018 na kundi la Michael Kors kwa euro bilioni 1.83, mwaka 2025 Prada wakakubaliana kuichukua kwa bilioni 1.25, piga hesabu mwenyewe.

Turudi kwa yule mama. Ukiuza jina, mkataba unahamisha alama ya biashara, kwa hiyo kesho ukifungua duka jipya ukaandika jina ulilopewa na wazazi wako unaweza kupelekwa mahakamani. Mbunifu Karen Millen wa Uingereza kesi ya namna hiyo alishindwa 2016. Jil Sander alivyoanza kubuni nguo za Uniqlo, maduka ya nguo ya Kijapani, mwaka 2009, majaketi na mashati ya bei ya watu wa kawaida, mkato ni wake na kila anayemjua akiyaona anamtambua, lakini ukigeuza kola uangalie lebo unakuta kumeandikwa +J basi.