Eti nyumba ya kupangisha inajilipa

Kaja mwingine tena wiki hii. Mwalimu, ana kiwanja Iyunga, anataka mkopo wa mshahara ajenge vyumba vinane vya wanafunzi. "Kaka, nyumba itajilipa yenyewe." Nasimamia nyumba za watu hapa Mbeya na sentensi hiyo imenichosha. Naiandikia mara moja ili atakayefuata nimtumie linki.

Chukua vyumba hivyo vinane jirani na chuo kikuu cha MUST, kila kimoja elfu 60 kwa mwezi. Ni 480,000 kwa mwezi, 5,760,000 kwa mwaka, kama hakuna chumba kilicholala wazi hata siku moja. Tuseme ujenzi umekula milioni 60, zote za benki, kwa riba ya asilimia 16. Mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia 9,600,000. Deni lenyewe bado hujaligusa. Kodi yote ya wapangaji haifikishi hata theluthi mbili ya riba! Anayelipa hapo ni mshahara wako, ndugu yangu.

Nikisema hivi najibiwa kwamba fulani alijenga kwa mkopo na leo yuko vizuri. Mchimbe huyo fulani. Utakuta ana mpunga Mbarali au parachichi Rungwe. Shamba ndilo lililolipa benki, sifa ikachukua nyumba.

Halafu kuna suala la tarehe. Benki inakata kila mwezi. Mpangaji analipa miezi sita kwa mkupuo, unajiona tajiri, unanunua bati za nyumba nyingine, na kufika mwezi wa nne rejesho linakukuta mtupu. Wanafunzi nao wakienda likizo ndefu, kodi ya Agosti utaidai ukuta.

Sipingi mikopo yote. Boma limesimama kwa pesa zako, limebaki bati, plasta na milango. Milioni 10 zinafungua vyumba vinne. Kwa riba ileile ni 1,600,000 kwa mwaka, kodi ni 2,880,000. Hapo kaa tuongee.

Sheria nitaipitia haraka. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haukupi hati. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni moja. Mpangaji wako akiwa kampuni au taasisi, itakata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, kwa hiyo usinipigie ukidhani mhasibu wao kakuibia. Na mpangaji sugu hatolewi kwa kung'oa mlango. Nenda Baraza la Ardhi na Nyumba, ukijua kwamba miezi utakayosubiri huenda nayo isilipwe.

Usimamizi ndio unaokula siku zangu, na nusu yake ni umeme wa LUKU. Vyumba vinane, mita moja, baridi ya Juni, na kila mtu anaapa hana hita ya kuchemshia maji. Weka mita ndogo kila chumba tangu wakati wa kuvuta nyaya. Kuchagua mpangaji ni kazi nyingine, na sijaiweza. Wapo walioletwa na barua ya mwajiri wakanisumbua mwaka mzima, na muuza mitumba wa Mwanjelwa aliyekuja mikono mitupu hajawahi kuchelewa.

Hoja moja tu hunitikisa: kiwanja kinapanda bei. Kupima kimepanda kiasi gani ni taabu, maana mikataba mingine huandikwa bei ya kumridhisha mtu wa TRA, si ile iliyolipwa. Huenda mwalimu wangu akanicheka baada ya miaka 15. Lakini akinicheka, atakuwa amefaidi ardhi. Kwa faida hiyo kiwanja kitupu kingetosha, tena hakipigi simu saa nne usiku kuuliza nani kamaliza umeme.