Je, Wajua Kwa Nini Usukani wa Lori la Zamani Huwa Mzito Likisimama?

Enzi za kivuko, kabla Daraja la J.P. Magufuli halijazinduliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, dereva wa lori la zamani ulimjua kwa mabega yake. Barabarani usukani ulikuwa mwepesi tu. Kulipanga lori kivukoni ndipo jasho lilipoanza: amejiinua nusu kitini, ananing'inia kwenye usukani, utingo huko nyuma anapaza sauti, "Kata, kata, kata!"

Tairi likiwa linaviringika, sehemu inayogusa ardhi hubadilika kila mara, kwa hiyo hata ukilikata kidogo linafuata. Likisimama, ni mpira uleule uliokandamizwa na uzito wote wa injini, nawe unausugua palepale. Waliounda malori ya Bedford ya zamani walilijua hilo. Usukani wao ni mpana kama sinia la pilau, na unauzungusha weee mpaka ufike mwisho, ili nguvu kidogo ya mkono itoshe.

Pawa steringi inaleta msaidizi, nayo ni mafuta. Pampu inayozungushwa na mkanda kutoka puli (gurudumu la mkanda) ya krenki, shafti kuu ya injini, huyasukuma hadi kwenye boksi la steringi. Humo mna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo dereva anapokata. Kule kujipinda hufungua njia ya mafuta upande mmoja wa pistoni, na mafuta ndiyo yanayobeba kazi. Asili yake ni kwenye malori: Francis Davis, Mmarekani aliyewahi kuwa mhandisi wa malori ya Pierce-Arrow, alikuwa na gari lenye mfumo huo mwaka 1926. Chrysler Imperial ikaanza kuuzwa nao 1951.

Sasa lori lililotoka kiwandani bila pampu linawekewaje? Pampu na boksi unavipata kwenye lori lililokufa. Kinachosumbua ni pa kuvifungia, maana injini ya zamani haikuachiwa nafasi hiyo. Inabidi braketi, yaani kishikizo cha chuma, ichongwe gereji.

Fundi mzuri pale Nyakato, Mwanza, haanzi na chuma, anaanza na boksi la biskuti. Analikata kwa mkasi, analipachika kwenye matundu ya bolti yaliyopo tayari kwenye injini, anapunguza hapa, anapunguza pale, ndipo anachora kwa chaki juu ya bamba zito. Kuchomelea braketi kwenye bloku yenyewe, yaani mwili wa injini, ni kujitafutia balaa: chuma cha kusubu hupasuka kirahisi.

Kisha analaza rula ndefu ya chuma juu ya nyuso za puli zote mbili, ya krenki na ya pampu. Zikipishana hata milimita chache, mkanda utapiga mluzi, utalika upande mmoja, halafu utaruka. Na hata zikikaa sawa, braketi nyembamba hupinda mkanda ukikazwa, puli zikapishana upya. Ndiyo maana utaona braketi imeongezewa mguu wa pili.

Boksi nalo linataka chesisi imara. Nguvu inayolisukuma tairi inalisukuma na boksi kwa nyuma, na chesisi isiyowekewa bamba la ndani hupata nyufa kwenye bolti.

Mkanda ukikatika njiani, lori bado linakata kona, kwa kuwa shafti ya usukani haijaachana na magurudumu. Ila usukani unakuwa mzito kuliko hata kabla ya kufungwa pampu, maana sasa mikono inasukuma tairi na mafuta pia.