Nyuzi za kioo ndani ya plastiki: yanayosemwa na yanayotokea kwenye kalibu

Tuanze na dogo. Mfuko wa punje za plastiki ukiandikwa "naironi 66, kioo asilimia 30", wengi hudhani karibu theluthi ya kipande ni kioo. Hiyo ni asilimia ya uzito. Kwa ujazo, kioo ni kama asilimia 16 tu, maana ni kizito zaidi ya mara mbili ya naironi.

Dhana: nyuzi huifanya plastiki iliyoyeyuka kuwa nzito mno, yaani ngumu kutiririka, kwa hiyo dawa ni kupandisha joto.
Uzito huo hujitokeza hasa plastiki inapotembea polepole. Ikidungwa, yaani ikisukumwa ndani ya kalibu (umbo la chuma linaloipa sura), kwa kasi, minyororo ya molekuli zake hunyooka, nyuzi hujipanga, na tofauti yake na plastiki tupu hupungua sana. Ndiyo maana kipimo cha mtiririko kinachotumia uzani wa kilo 2.16 hakikuambii mengi: kinapima mwendo wa pole. Kipande kisipojaa, ongeza kwanza kasi ya kudunga, na hakikisha kalibu yenyewe ina joto la sentigredi 80 hadi 100. Naironi 66 huyeyuka karibu sentigredi 260 na hudungwa ikiwa kati ya 280 na 300. Ukipita hapo sana, unaiharibu.

Dhana: nyuzi zote hulala kufuata mtiririko.
Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi. Kata kipande chenye unene wa milimita 3, kisugue kiwe laini, ukitazame kwa darubini. Karibu na nyuso zote mbili nyuzi zimelala kufuata mtiririko. Katikati kuna tabaka ambalo nyingi zimelala kukingama. Karibu na kuta, plastiki huburutwa na nyuzi zikageuzwa kuufuata mwendo. Katikati mburuto ni mdogo, na plastiki inapotanuka kutoka mlango wa kalibu, tundu inamoingilia, huzivuta nyuzi kwenda pembeni.

Matokeo yake utayaona kipande kikipoa. Kufuata nyuzi, kunywea huwa kama asilimia 0.3 hadi 0.5; kukingama nazo, huweza kukaribia asilimia 1. Sahani bapa inayojazwa kutoka katikati hupinda, na fundi huongeza shinikizo la kushindilia (linaloibana plastiki kalibu ikishajaa) akitumaini itanyooka. Haitanyooka sana. Hamisha mlango, au uutanue ukingo mzima wa upande mmoja, ili plastiki isonge kwa mstari mmoja.

Dhana: mshono ni dosari ya sura tu, na joto litauponya.
Pale mikondo miwili inapokutana, nyuzi hulala sambamba na mshono. Chache sana huuvuka. Nguvu ya kuvutwa mahali hapo inaweza kushuka hadi nusu, hata chini yake. Joto husaidia plastiki kushikana, lakini halizivushi nyuzi. Upeleke mshono mahali pasipobeba mzigo, au chonga mfuko mdogo wa kumwagikia kando yake ili plastiki iendelee kusogea na kuvuruga mpangilio huo.

Dhana: punje zenye nyuzi za milimita 10 hutoa kipande chenye nyuzi za milimita 10.
Nyingi hukatika kwenye skrubu ya mashine, inayozunguka ikiyeyusha punje na kuzisukuma mbele, hasa pale punje ambazo hazijayeyuka zinapobanwa na zilizoanza kuyeyuka. Punguza mzunguko wa skrubu na shinikizo la nyuma (linaloizuia skrubu inaporudi nyuma), tumia mlango mpana, ondoa kona kali njiani. Kujua zimebaki urefu gani si kazi ngumu: choma kipande kwenye tanuru la sentigredi 550 hadi 600 mpaka plastiki yote iishe, kisha chukua nyuzi zilizobaki katikati ya rundo, zitandaze na kupima urefu kwa darubini.

Jambo moja la mwisho: naironi inayotiririka kwa ulaini wa kushangaza pengine ina unyevu. Maji hukata minyororo yake ikiwa imeyeyuka, kalibu ikajaa vizuri, na kipande kikatoka kikivunjika upesi. Ikaushe kwa sentigredi 80 mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2.