Je, wajua kwa nini Rafah ilifungika siku ilipotekwa?

Asubuhi ya Mei 7, 2024, vifaru vya Israel viliingia upande wa Gaza wa kivuko cha Rafah, mpakani na Misri. Video zilionyesha kifaru kimoja kikiponda bango la zege lenye maandishi ya kuipenda Gaza. Siku ile niliamini kwamba kuanzia hapo Israel peke yake ndiyo itakayoamua lori lipi lipite na lipi lirudi. Aliyeshika lango si ndiye mwenye lango?

Sivyo. Rafah ilifungika palepale.

Kosa langu lilikuwa kuufikiria mpaka kama geti la nyumba: mlinzi mmoja, ufunguo mmoja. Kivuko cha mpakani kinafanana zaidi na pantoni ya Kigamboni. Kinahitaji magati mawili. Ukiteka la Kigamboni, na wa Magogoni wakagoma kupakia, umeteka zege tu. Pantoni haiendi popote. Aliyepita Namanga analijua hili vizuri: mhuri wa kutoka Kenya haukufikishi mbali kama hakuna wa kukugongea wa kuingia Tanzania. Mzigo nao vivyo hivyo, lazima uwe na mamlaka ya kuupokea.

Kwa Misri, mpokeaji alikuwa Mpalestina. Makubaliano ya Novemba 2005, Israel ilipokwisha kuondoka Gaza, yaliiachia Mamlaka ya Wapalestina upande huo, chini ya macho ya waangalizi wa Umoja wa Ulaya. Hamas, kundi la Kipalestina linalopingana na Mamlaka hiyo, ikaitwaa Gaza mwaka 2007, waangalizi wakasitisha kazi, lakini aliyesimama pale alibaki kuwa Mpalestina. Kukabidhiana malori na jeshi la Israel kungekuwa kukiri kwamba lina haki ya kukaa hapo. Cairo ikakataa.

Israel ikailaumu Misri kwa kukwamisha misaada. Misri ikajibu kwamba vita vya Israel ndivyo vilivyoikwamisha. Mei 12, nchi hii iliyokuwa ya kwanza ya Kiarabu kutia saini amani na Israel, mwaka 1979, ikatangaza kuingia kwenye kesi ya mauaji ya kimbari ya Afrika Kusini dhidi ya Israel katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Huku nyuma, vyakula vilikuwa vikiozea juani ndani ya malori. Mei 24, Rais Biden wa Marekani na Rais Abdel Fattah al-Sisi wa Misri wakakubaliana malori yapitie kwa muda Kerem Shalom, kivuko cha kati ya Israel na Gaza. Si kwamba hilo lilitosha: hata yaliyovuka, mapigano yalizuia mengi kuwafikia watu.

Mapigano yaliposimamishwa, Rafah ilifunguliwa kwa wagonjwa Februari 1, 2025, kabla ya kufungwa tena Machi vita viliporudi. Ilipofunguliwa, wanajeshi wa Israel walikuwa bado wamekizunguka kivuko. Waangalizi wa Ulaya walikuwa wamerudi, na ofisi ya Waziri Mkuu wa Israel, Netanyahu, ilisisitiza kwamba kazi ya Mamlaka ya Wapalestina ni kugonga mhuri kwenye pasipoti, basi. Mhuri huohuo ndio uliokosekana kwa karibu miezi tisa.