Je, wajua kwa nini adui wa gemu akibadilishiwa asili yake mashabiki wanawaka?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la hili swali na nilikuwa nalitoa kwa uhakika kabisa: mashabiki hawapendi mabadiliko, basi. Wamezoea hadithi moja, ukiigusa wanapiga kelele, wakichoka wananyamaza. Nilikuwa nasema hivyo tangu enzi za hosteli za wanafunzi pale Kikoni, Kampala, tulikuwa tunaunganisha kompyuta nne kwa waya tunacheza Warcraft III mpaka umeme ukatike, na kulikuwa na jamaa wa chumba cha jirani ambaye angekusimulia maisha yote ya Sargeras toka mwanzo huku anakula rolex yake, ile chapati ya mayai, na ukimkosoa kidogo anaenda kuleta ushahidi. Mimi nilidhani ni mazoea tu. Nilikosea, na kosa lenyewe linafundisha sana kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza Sargeras ni nani, kwa wale hawajawahi kucheza. Kwenye ulimwengu wa Warcraft kuna Titan, viumbe wakubwa mno wanaozunguka angani wanazipanga sayari. Sargeras alikuwa shujaa wao, kazi yake kupigana na mapepo. Baadaye akageuka, akaunda jeshi la mapepo hao hao linaloitwa Burning Legion, akaanza kuchoma dunia moja baada ya nyingine. Swali ni moja tu, nini kilimgeuza?

Kitabu kilichokuja na Warcraft III mwaka 2002 kilijibu. Kilisema alipambana na aina mbili za viumbe, eredar ambao ni wachawi waovu, na nathrezim ambao ni mapepo wanyonya damu, na uovu aliouona kwao ukamvunja moyo mpaka akaona kazi ya Titan ya kupanga ulimwengu haina maana. Sawa. Sasa mwaka 2006 Blizzard, kampuni yenye Warcraft, wakatangaza kwamba kwenye nyongeza ijayo ya gemu yao World of Warcraft, The Burning Crusade, iliyotoka Januari 2007, kutakuwa na watu wapya wanaitwa draenei, na hawa draenei ni eredar wema, waliokuwa wanaishi kwa amani kwenye sayari ya Argus mpaka Sargeras alipokuja akawadanganya wenzao. Umeona tatizo? Mwanzoni eredar ndio walimharibu Sargeras, sasa Sargeras ndiye kawaharibu eredar. Kuku na yai wamebadilishana nafasi.

Mashabiki waliligundua haraka sana. Na hapa ndipo jibu langu la zamani linaanza kuanguka, maana Chris Metzen, ambaye ndiye aliyeandika kile kitabu cha 2002, alijitokeza hadharani akakubali kwamba kweli inagongana, kwamba aliandika mwenyewe miaka minne nyuma akasahau, akaomba radhi. Hakuwaambia mnapenda kulalamika. Kwa hiyo wale watu walikuwa wamesoma kwa makini kuliko mwandishi alivyokumbuka, na ukiita hiyo ni kuogopa mabadiliko unakuwa umewaonea.

Lakini ngoja, kuna ushahidi mwingine dhidi yangu na huu uko hapa hapa Uganda, nimekua nao bila kuufikiria. Chukua Walumbe, ndugu yake Nambi, ambaye ndiye kifo chenyewe. Kila mtoto aliyepita Buganda anajua hadithi: Kintu na Nambi wanashuka kutoka mbinguni kwa Ggulu, baba yake Nambi, wameambiwa msirudi nyuma hata mkisahau kitu, wanasahau ulezi wa kuku, anarudi mtu kuuchukua na Walumbe anawafuata, na ndiyo maana tunakufa. Sasa nani alirudi? Wengi tumesimuliwa ni Nambi. Zipo simulizi zinazosema ni Kintu mwenyewe. Na Walumbe alianza kuua kwa nini? Kwa sababu aliomba mtoto wa kumsaidia kupika akanyimwa, kwa hiyo ukitaka unaweza kumsikiliza kama ndugu aliyedharauliwa na ukitaka unaweza kumsikiliza kama kifo tu kilichokuwa kinatafuta sababu. Halafu kuna Kintu mwingine kabisa, yule wa historia aliyekuja akamshinda mtawala Bemba na kutawala. Zote hizi zinaishi pamoja, mzee wa Mityana anakuonyesha mashimo ya Ttanda ambako Walumbe alijificha chini ya ardhi na mwingine anasimulia tofauti kidogo, na hakuna mtu anayegombana. Sisi watu tunabeba matoleo mengi ya asili ya adui bila shida yoyote.

Tofauti ni nini basi? Hadithi ya Walumbe haina mwenye hati. Akisimulia bibi yako ni ya bibi yako, ya jirani inabaki ya jirani. Sargeras ana mwenyewe. Kampuni ikisema asili yake ni hii, ile ya zamani inakuwa uongo kuanzia leo, na sio kuanzia leo tu, inakuwa haijawahi kuwa kweli. Mashabiki wanaita retikoni, kurudi nyuma kwenye hadithi na kubadilisha kilichokwisha kutokea.

Na hiki ndicho kinachouma, fikiria shamba. Huku mipaka mingi inawekwa kwa ule mmea Waganda wanauita mulamula. Mulamula wa kwanza pale juu ukiuhamisha hatua tatu, hujagusa migomba ya mtu hata mmoja, hujakata kitu, lakini kila aliyepima kuanzia pale, wa pili, wa tatu, mpaka wa chini kabisa, ghafla yuko kwenye ardhi ya mwenzake. Ukiuhamisha wa mwisho kule bondeni anaumia mmoja tu. Mwanzo wa adui ni mulamula wa juu. Kila vita, kila usaliti, kila huruma uliyomnyima ulipima kutoka pale.

Ndiyo maana sio kila badiliko linapokelewa sawa. Mwaka 2016 kikatoka kitabu kiitwacho World of Warcraft: Chronicle, na Sargeras akapewa sababu mpya. Safari hii alikuta sayari ambayo roho yake ilikuwa imeshaanza kuliwa na nguvu za giza la Void, akaikata sayari nzima vipande viwili, kisha akaamua kwamba ulimwengu usio na uhai ni afadhali kuliko ulimwengu utakaomilikiwa na Void. Yaani anachoma nyumba ili mwizi asikute kitu. Mimi naona hii ni bora kuliko ile ya 2002, na wapo wengi walioipenda, kwa sababu matendo yake yote yamebaki ni yake, kilichoongezeka ni hoja. Mulamula haujasogea, umepaliliwa.

Mwaka 2020 ikatoka nyongeza nyingine, Shadowlands, na hapo moto ukawaka kweli. Gemu ikasema Frostmourne, ule upanga uliomgeuza mwanamfalme Arthas kuwa adui, na ile taji ya Lich King, mfalme wa wafu, vilitengenezwa kwa ajili ya adui mpya anayeitwa Jailer, aliyekuwa nyuma ya mambo muda wote. Ni kama umemchukia mjomba miaka ishirini kwa barua aliyoiandika siku ya msiba, halafu unaambiwa barua iliandikwa na mtu mwingine ambaye hujawahi kumuona. Zile hasira zako unazipeleka wapi?

Na kwenye gemu ni mbaya zaidi kuliko kwenye filamu kwa sababu mkono ni wako. Warcraft III hukumuangalia Arthas akiua watu wa Stratholme waliokula nafaka yenye tauni, wewe ndiye ulibonyeza. Mwalimu wake Uther amekataa, rafiki yake Jaina ameondoka, umebaki wewe na huyo kijana wa mfalme mnaingia mtaani nyumba kwa nyumba. Nakumbuka jamaa wa chumba cha jirani aliacha kompyuta hapo akatoka nje kidogo.

Ila tuseme ukweli, ukifuata mpangilio wenyewe Stratholme inakuja kabla Arthas hajaushika ule upanga, kwa hiyo Jailer hata akipewa lawama yote ya Frostmourne, zile nyumba bado hazimhusu. Pia wanaoandika mtandaoni ni wachache kuliko wanaocheza, kelele zao hazitoshi kusema wachezaji wote waliona hivyo. Mimi nasema tu walichokuwa wanakitetea waliosema, na nikiwasoma upya naona ni kitu kilekile jamaa alikuwa ananieleza pale Kikoni nikiwa simsikilizi: aliyefanya abaki kuwa ndiye aliyefanya.

Kile kitabu cha 2002 nacho hakijafutwa, kwa mwenye nakala yake eredar bado ndio wanaanza.