Malaria kwenye migodi ya mpakani: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Watu wakisikia habari za wachimba dhahabu haramu kule Guiana ya Ufaransa, eneo la Ufaransa huko Amerika Kusini katikati ya Suriname na Brazil, jibu ni lilelile: wafukuzeni, malaria itaisha. Wapi. Operesheni Harpie ya jeshi na polisi ipo toka 2008 na wachimbaji bado wapo, wengi Wabrazil, wakisikia helikopta wanazama ndani zaidi ya msitu, mbali na zahanati yoyote, na mtu anayekwepa kukamatwa haendi kupima homa, atanunua vidonge vya magendo, atameza viwili vitatu, akipata nafuu anaacha. Dozi nusunusu namna hiyo ndo inaleta hofu ya usugu wa dawa.

Eti maji ya mgodini ndo yanaleta malaria ukiyanywa? Hapana, ni mbu, ila mashimo ya mgodi yaliyoachwa yakiwa na maji ndo anazaliana humo.

Halafu kuna wanaosema ukimpa mchimbaji dawa mkononi ataharibu. Mradi wa Malakit ulijaribu kuanzia 2018 hadi 2020, kwenye vituo vya mpakani upande wa Suriname na Brazil, mtu anafundishwa kujitoboa kidole, kusoma kipimo na kumaliza dozi ya siku tatu, kisha anaondoka na mkoba wake wa kipimo na dawa bure. Wengi waliotumia walitumia vizuri tu. Mi sishangai, mtu anayefufua pampu iliyokufa katikati ya msitu atashindwa kusoma kipimo?

Kinachosumbua zaidi ni hii ya "homa imeshuka, nimepona". Kwa malaria ya vivax, aina mojawapo ya malaria, kimelea kinajificha kwenye ini, kinaamka wiki au miezi baadaye, na huyo mtu keshavuka mto yuko mgodi mwingine nchi nyingine, mbu wa kule wanakipokea. Kukimaliza kunahitaji primakwini au tafenokwini, lakini mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, dawa hizo zinaweza kumvunjia chembe hizo, so huwezi kuzigawa kama pipi, lazima apimwe kwanza.

Na Suriname je, si wamepewa cheti cha kutokomeza malaria na WHO, Shirika la Afya Duniani, Juni 2025, wa kwanza ukanda wa Amazon? Kweli, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wa hukohuko migodini waliofundishwa kupima na kutibu wenzao. Ila cheti maana yake maambukizi ya ndani yamekatika, sio kwamba mgonjwa hawezi kuvuka mpaka kesho, kwa hiyo hao wapimaji hawawezi kuondolewa.